Masanduku ya Daktari Blackburn: Alichokusudia, Alichotenda na Alichoamini

Miaka michache iliyopita jirani yetu alifiwa na kaka yake kwa kidingapopo, homa ambayo siku hizi wengi wanaiita dengi. Usiku uleule godoro la marehemu lilitolewa uani, likamwagiwa mafuta ya taa, likachomwa. Shuka mbili zilizokuwa bado na mikunjo ya dukani zikatupwa humo humo. Mama yao mkubwa alikuwa akilia huku akisukumia kanzu ya marehemu motoni kwa ufito. Hatua tano kutoka pale, chini ya mfereji wa paa, palikuwa na pipa la maji lisilo na mfuniko. Asubuhi yake nililichungulia. Viluwiluwi vilikuwa vikijinyonganyonga juu ya maji, vingi mno, na hakuna aliyekuwa amelitazama pipa lile.

Moto ule hunirudia kila ninapoulizwa juu ya daktari mmoja wa Kimarekani, na mwaka huu nimeulizwa mara tatu. Kisa chake kinazunguka kwenye simu za watu kwa sura mbili. Ya kwanza inasema kwamba daktari huyo aliua watu elfu mbili kwa masanduku ya nguo, akataka kumuua Rais Abraham Lincoln kwa mashati, kisha akachaguliwa gavana. Ya pili inasema kwamba yote hayo ni uzushi wa maadui, na kwamba mtu yule alikuwa mtakatifu aliyetibu maskini bure. Wasomaji wanataka niwaambie ipi ni kweli.

Mtu huyo alikuwepo. Jina lake Luke Pryor Blackburn, aliyezaliwa mwaka 1816 katika jimbo la Kentucky na kufariki mwaka 1887. Jibu langu fupi ni kwamba ushahidi unaonyesha alikusudia kuua, akachukua hatua za kuua, na masanduku yale hayakumuua mtu. Kinachowachanganya watu ni kuyafanya mambo hayo matatu kuwa swali moja.

Kabla ya kwenda mbali, tuelewane kwenye maneno, maana nusu ya mkanganyiko iko hapo. Mtanzania akisikia "jimbo" hufikiria jimbo la uchaguzi, na Mkenya akisikia "gavana" hufikiria kaunti. Jimbo la Marekani ni zaidi ya hayo. Lina katiba yake, bunge lake, mahakama zake na magereza yake. Gavana wake huchaguliwa na wananchi, hateuliwi na rais kama mkuu wa mkoa. Zamani za Blackburn, gavana wa Kentucky angeweza kwa saini yake kumtoa gerezani mtu aliyehukumiwa na mahakama za jimbo. Ishike hiyo, tutaihitaji mbele.

Neno la pili ni homa ya manjano. Si homa ya ini, wala si ile manjano ya mtoto mchanga. Macho huwa ya njano katika hali zote hizo kwa sababu rangi ya njano ya nyongo inalundikana mwilini, lakini chanzo si kimoja. Ukiona moshi juu ya paa la jirani, huenda anapika, huenda nyumba inaungua. Homa ya manjano huletwa na kirusi kinachobebwa na mbu, na hasa mbu aitwaye Aedes aegypti, yuleyule wa kidingapopo: mweusi, mwenye mabaka meupe miguuni, huuma mchana, hutaga kwenye maji yaliyotuama karibu na watu. Wagonjwa wengi huumwa siku chache wakapona. Wachache huingia hatua ya pili, macho yakageuka njano, damu ikavuja, na wakatapika matapishi meusi. Katika hao wa hatua ya pili vifo ni vingi. Ndiyo homa ile tunayochanjwa na kupewa kadi ya njano ya safari. Chanjo yake ilitengenezwa na Max Theiler mwaka 1937, na tangu mwaka 2016 kadi moja inatosha maisha yote.

Kirusi hicho asili yake ni Afrika. Kilivuka Atlantiki ndani ya merikebu za watumwa, mbu wakizaliana kwenye mapipa ya maji ya kunywa huku watu wamefungwa minyororo chini. Kwa hiyo homa iliyoitia hofu miji ya kusini mwa Marekani kwa karne mbili ilikuja kwa biashara ileile iliyowatajirisha matajiri wa huko.

Katika nchi hiyo ndipo Blackburn alipoanza udaktari. Alihitimu mwaka 1835 katika Chuo Kikuu cha Transylvania, mjini Lexington. Mwaka huohuo kipindupindu kikaingia Versailles, mji mdogo wa Kentucky uliopewa jina la ule wa Ufaransa. Kijana wa miaka kumi na tisa, shahada haijazeeka mkononi, akaenda kuuguza wagonjwa na hakudai malipo. Kwa kipindi kimoja, kuanzia mwaka 1843, alikaa katika Baraza la Wawakilishi la jimbo lake. Kisha akahamia Natchez, bandari ya mto Mississippi.

Huko Natchez ndiko alikojipatia jina. Mwaka 1848 homa ya manjano ilipokuwa ikipanda mto kutoka New Orleans, Blackburn alisimamia karantini. Maana yake ni kwamba mashua zilizotoka chini zilizuiwa nje ya mji, watu na mizigo vikakaa kando mpaka muda upite. Ilifaa, na alipofanya hivyo tena miaka ya baadaye sifa zake zikaenea hadi Louisiana.

Hapa ndipo penye kiini cha kisa kizima. Karantini yake ilifaa, lakini sababu aliyoiamini haikuwa sahihi. Yeye na madaktari wengi wa enzi zake walidhani sumu ya homa hushika kwenye nguo, blanketi na magodoro, halafu humwingia anayeyagusa au kuvuta hewa yake. Alikuwa ameona kwa macho kwamba homa huja na vyombo vya majini, na hapo alikuwa sawa. Alipoulizwa kitu gani ndani ya chombo huibeba, akaonyesha masanduku, na hapo akakosea. Ni kama mtu anayefunga dirisha kila jioni kwa kuogopa baridi, nyumba yake ikawa haina malaria, naye akaendelea kuwahubiria majirani kwamba malaria ni baridi. Dirisha limemsaidia kweli, na kadiri linavyomsaidia ndivyo kosa lake linavyozidi kuota mizizi.

Mwaka 1861 vita vya wenyewe kwa wenyewe vikazuka Marekani, kati ya Kaskazini na majimbo ya Kusini yaliyojitenga. Kentucky yenyewe haikujitenga na Muungano wa Marekani, lakini Blackburn alikuwa upande wa Kusini, upande uliopigania kubaki na utumwa. Sioni sababu ya kulizunguka jambo hilo. Alipelekwa Kanada, iliyokuwa chini ya Uingereza, kusaidia kupata mahitaji kwa ajili ya Kusini. Watu wa Kusini walikuwa wengi huko, wakipanga njama kwenye mahoteli ya Toronto na Montreal.

Mwaka 1864 homa ya manjano ikalipuka Bermuda, kisiwa cha Waingereza kilichotumiwa sana na meli za magendo za Kusini. Daktari mzoefu wa homa hiyo akajitolea kwenda. Wenyeji wakamshukuru kwa kuwahudumia wagonjwa wao. Lakini mashahidi walikuja kuapa kwamba, pamoja na kutibu, alikuwa akikusanya mashati, flana, blanketi na mashuka ya waliokuwa wakifa, yakiwa na jasho na madoa ya matapishi, na kuyafungasha kwenye masanduku pamoja na nguo nyingine.

Masanduku yakasafirishwa hadi Halifax, bandari ya Nova Scotia. Hapo yalipokewa na Godfrey Hyams, fundi viatu aliyeahidiwa fedha nyingi. Kwa maelezo yake, kazi yake ilikuwa kuyaingiza Marekani na kuhakikisha nguo zinauzwa katika miji yenye majeshi ya Kaskazini. Alisema alimwachia dalali wa mnada wa Washington masanduku matano, na mengine akamkabidhi mchuuzi wa kambi za jeshi aliyekuwa akielekea New Bern, North Carolina. Palikuwa pia na begi dogo lenye mashati mazuri ya kumpelekea Lincoln kama zawadi. Hilo Hyams alisema alilikataa.

Fedha alizoahidiwa hakuzipata, akaambulia kidogo tu. Aprili 1865, vita vikiwa ukingoni, akaenda kwa maofisa wa Marekani waliokuwa Toronto akasema yote. Siku hizohizo balozi mdogo wa Marekani huko Bermuda akapata habari za masanduku mengine matatu, yaliyohifadhiwa kwa mtu mmoja aliyekuwa akilipwa kuyatunza hadi yapelekwe New York. Maofisa wa kisiwa walipoyafungua wakakuta nguo na matandiko machafu, kama ilivyoelezwa. Kwangu mimi hiki ndicho kipande kizito kuliko vyote. Neno la Hyams peke yake lingeweza kutiliwa shaka, kwa sababu alikuwa mtu wa kununuliwa, tena mwenye kinyongo. Lakini masanduku ya Bermuda yalikutwa mbali naye, na watu wasiomjua.

Mbona basi Blackburn hakufungwa? Alikamatwa Montreal, akashtakiwa Toronto, na Oktoba 1865 akaachiwa. Anayeishia hapo husema mahakama ilithibitisha kwamba hana hatia, na hapo anapotea. Jimbo la Kanada la wakati ule halikuwa Kanada ya leo. Muungano wa Kanada ulikuja mwaka 1867. Halifax ilikuwa Nova Scotia, koloni jingine kabisa, na masanduku hayakuwahi kupita kwenye ardhi ya mahakama iliyomshtaki. Ni sawa na kumfikisha mtu mahakama ya Mombasa kwa mzigo uliopita Tanga tu. Hakimu hakusema kwamba tendo halikufanyika. Alisema halikufanyika pale.

Turudi kwa wale watu elfu mbili. Mwaka 1864 homa ya manjano iliipiga New Bern na kuua watu wanaokadiriwa kufika idadi hiyo, askari na raia. Gazeti lolote lililoweka masanduku na makaburi kwenye ukurasa mmoja lilikuwa na habari iliyokamilika. Ilichukua miaka thelathini na sita ukweli kujulikana.

Mwaka 1881 Carlos Finlay, daktari wa Havana, alitoa hoja kwamba homa ya manjano huenezwa na mbu, na wengi wakampuuza. Mwaka 1900 jeshi la Marekani likatuma Cuba tume ya madaktari chini ya Walter Reed. Mmoja wao, Jesse Lazear, akafa kwa homa hiyohiyo. Nje kidogo ya Havana wakajenga kambi wakaipa jina lake, na ndani yake vibanda viwili vya mbao.

Kile kibanda cha kwanza ningependa kila mtu anayechoma magodoro akione. Kilikuwa chumba kimoja, madirisha madogo, kimezibwa mbu wasiingie, na joto la jiko likikifanya kiwe kama tanuri. Humo waliingia vijana watatu, daktari mmoja na askari wawili, wote waliojitolea. Walipewa masanduku. Ndani yake mlikuwa na mashuka, foronya na nguo za wagonjwa wa homa ya manjano wa Havana, zenye matapishi na uchafu wa kila aina. Walipofungua sanduku la kwanza walikimbilia nje kwa uvundo. Kisha wakarudi, wakatandika, wakalala. Usiku ishirini mfululizo walilala juu ya vitu vile. Wakafuatiwa na wengine, waliovaa hata nguo za kulalia za wagonjwa. Hakuna hata mmoja aliyeugua.

Kibanda cha pili kilikuwa safi, kila kitu kimepitishwa kwenye mvuke, kimegawanywa katikati kwa wavu wa waya. Upande mmoja waliachiwa mbu waliokwisha kuwauma wagonjwa. Kijana aliyelala upande huo akaugua. Waliolala upande wa pili wa wavu wakivuta hewa ileile hawakuugua.

Bila ya kujua, tume ile ilirudia jaribio la Blackburn, hatua kwa hatua, kwa masanduku yaleyale ya nguo chafu. Ndiyo maana nasema masanduku yake hayakumuua mtu wa New Bern wala wa Washington. New Bern ilikuwa bandari yenye joto, mabwawa na majeshi ya wageni wasio na kinga, na homa ilifika huko kwa njia iliyozoea kufika, ndani ya mbu na ndani ya damu ya watu.

Basi hakuwa na hatia? Hapa ndipo ninapogombana na wale wa sura ya pili. Kwetu pwani mtoto hufundishwa tangu chuoni kwamba amali huhesabiwa kwa nia. Mtu akimtilia jirani unga kwenye uji akidhani ni sumu, kumbe ni unga wa muhogo, jirani atashiba na yule mtu atabaki mwuaji moyoni mwake. Blackburn aliamini kwa elimu yake yote kwamba nguo zile zinaua. Alijua kifo cha homa hiyo kinavyofanana, kwa kuwa alikuwa amekaa pembeni ya vitanda vya mamia. Nguo za mnada hununuliwa na maskini, wakiwemo wanawake na watoto wao.

Baada ya vita alikaa uhamishoni kwa muda. Mwaka 1867 alirudi bila kusubiri kuruhusiwa, akaenda kutibu homa ya manjano kwenye pwani ya Ghuba ya Mexico. Mwaka 1873 ilipoipiga Memphis alikuwa huko. Mwaka 1878 ukaja mlipuko mkubwa kuliko yote katika bonde la Mississippi, uliochukua watu wapatao elfu ishirini, zaidi ya elfu tano kati yao wakiwa wa Memphis peke yake. Blackburn wakati huo alikwisha kutangaza nia ya kugombea ugavana. Aliwasihi wakuu wa Kentucky wawazuie wakimbizi, nao wakajibu kwamba homa hiyo haiwezi kuishi kaskazini kiasi kile. Ikaingia Hickman, mji wa ukingoni mwa mto. Mgombea akaacha kampeni, akaenda Hickman akabaki na wagonjwa mpaka mlipuko ukaisha. Alikuwa na miaka sitini na miwili.

Watu husema aliifanya Hickman kwa ajili ya kura. Mimi sikubali. Kura haziwezi kumfaa aliyekufa, na aliyekwenda Hickman mwezi ule hakuwa na hakika ya kurudi. Zaidi ya hayo alikuwa ameifanya kazi hiyohiyo kwa miaka arobaini, mara nyingi bila uchaguzi wowote mbele yake. Huduma yake ilikuwa ya kweli, na masanduku yalikuwa ya kweli. Sioni njia ya kutumia moja kulifuta lingine.

Mwaka 1879 magazeti ya wapinzani yaliyafufua masanduku. Yeye hakujibu sana. Wapigakura wa Kentucky walimpa ushindi kwa tofauti ya kura zaidi ya 40,000. Wengi wao walikuwa na huruma na Kusini, na wote walikuwa wameisikia Hickman.

Akiwa gavana alifanya jambo ambalo halitajwi kabisa kwenye ujumbe wa simu, nalo ndilo kubwa kuliko yote aliyoyafanya katika siasa. Gereza la jimbo huko Frankfort lilikuwa limefurika. Wafungwa zaidi ya 900 walibanwa katika vyumba visivyofika 800, vyumba ambavyo mtu mmoja tu alivijaza. Nimonia na kiseyeye vilikuwa vya kawaida, na gereza lilikodishwa kwa mtu binafsi aliyelitafutia faida. Daktari akalitazama kama daktari. Akaona wodi ya wagonjwa iliyofungwa kufuli.

Akaanza kutia saini. Katika miaka minne aliwasamehe watu zaidi ya elfu moja, wengi wao wagonjwa au wanaokaribia kufa. Maadui zake wakamwita Luke Mpole, kwa kejeli. Wakati huohuo alilisukuma bunge hadi gereza likarudi chini ya msimamizi wa serikali, na ujenzi wa gereza jipya huko Eddyville ukapitishwa. Alikubali pia wafungwa wapelekwe kufanya kazi za kandarasi nje ya kuta ili kupunguza msongamano, na huko wakateswa. Hilo nalo limo kwenye daftari lake. Mwaka 1883, kwenye mkutano wa chama chake mwenyewe, wajumbe walimzomea kwa sababu ya misamaha ile.

Alifariki Frankfort tarehe 14 Septemba 1887. Finlay alikuwa amekwisha kusema habari ya mbu, na kibanda cha Cuba kilikuwa bado miaka kumi na mitatu mbele. Mwaka 1891 jimbo likamjengea mnara juu ya kaburi. Umechongwa picha ya Msamaria Mwema akiinama juu ya yule aliyepigwa na wanyang'anyi, mfano unaopatikana katika Injili ya Luka peke yake, na Luka huyo ndiye Paulo anayemwita tabibu mpendwa. Mwaka 1972 Kentucky ilifungua gereza nje ya Lexington, karibu na alikosomea, likapewa jina lake. Hadi leo linaitwa Blackburn.